Nilisema Umechelewa

Wingwi, Pemba, 1961

Kaka yangu mpenzi,

Wewe ndiye uliyesimama mbele ya ami zetu waliponikatalia skuli. "Mwacheni asome," uliwaambia. "Nikiwa Mombasa, nani atamsomea Mama barua?" Baba alikuwa keshafariki, neno lako likapita. Nikikawia asubuhi, Bi Mwalimu alikuwa akinisimamisha mlangoni: "You are late," yaani umechelewa. Nikakusimulia, ukacheka mpaka ukakohoa, na tangu hapo kila nikichelewa kisimani ukiniitia kwa mbali: "Late! Late!" Neno hilo nililijua kuliko jina langu.

Kisha ukaenda Mombasa kufanya kazi bandarini. Barua ya bandarini kwenu ilikuja kwa Kizungu, karafuu ziko juani. Mama akaacha jamvi, akaketi. "Hebu nisomee, mwanangu."

Maneno mengi sikuyajua. Nililitambua moja, "your late son", na chini yake kwamba vitu vyako vitaletwa kwa meli. Nikasema, kwa sauti ya msomi, "Kaka amechelewa, Mama. Vitu vyake vyatangulia."

"Kawia ufike," akajibu, uso umemkunjuka.

Sanduku lako lilipofika, alifua mashati yako, akayaanika, akayakunja upya. Kila meli ikitia nanga Wete, alivaa buibui akaenda kukupokea. Akirudi, mimi ndiye niliyemtuliza: "Barua imesema, Mama."

Ikapita miezi miwili. Nikampelekea Bi Mwalimu barua ile, atuandikie jawabu, aulize utakuja lini. Aliisoma, akanishika bega. "Late ni marehemu pia," akasema. "Nani mwengine kaisoma barua hii?"

"Mimi tu."

Nilimkuta Mama anapepeta mchele, nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja: "Miezi miwili, mwanangu hajasomewa hata khitma?"

Tumekusomea sasa. Watu walikuja, wakaomba dua, wakaondoka. Kaburi lako hatujui liko upande gani wa Mombasa. Skuli nimeacha. Mama hanilaumu, laiti angenilaumu, ningepata pa kulilia. Barua zikija, yeye hupita mbele yangu akazipeleka kwa jirani zikasomwe.

Nakuomba radhi, Kaka, nami najua radhi yako haiwezi kunifikia. Mola akulaze pahala pema, huko uliko, mahali tusipopajua.

Ni mimi, mdogo wako wa kike.