Galaksi Uliyoileta kwenye Posa

Mpenzi Baba Salma,

Huko uliko najua umeshapata wa kumfundisha, maana hukuwahi kuketi na mtu ukamwacha bila somo. Leo wajukuu wameniuliza uliniposaje. Nimecheka mpaka nikakosa pumzi, kisha nikalia.

Ilikuwa Kisauni, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Desturi yetu muoaji hajipeleki mwenyewe, hutuma wazee wakamsemee. Wewe mwalimu wa hesabu ukafuatana nao, na picha uliyoikata kwenye gazeti la Kizungu umeikunja mfukoni. Ulitaka baba yangu ajue kuwa anapata mkwe msomi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mama yangu na wake wenzake watatu, tumebanana, maana baba alikuwa na wake wanne na wote kawaweka nyumba moja.

Ukaikunjua picha. "Hii iliyojipinda mikono kama tamutamu ya zilebia ni galaksi, mzee, yaani mji wa nyota. Iko na wenzake wanne. Wamekaribiana mno, basi wanavutana usiku na mchana."

Mume wangu, maneno yote hayo ya Kiswahili, ukalichagua hilo! Kisauni nzima ilijua wake za baba walivyokuwa wakivutana, kuanzia jikoni hadi mlangoni mwa chumba chake.

Baba akakunja uso. "Nani alokwambia ya nyumbani mwangu?"

"Yameandikwa gazetini, mzee," ukajibu kwa adabu kabisa.

Nikaona ndoa yangu inaondoka hivi hivi. Hapo Bi Mkubwa, mke wa kwanza wa baba, akauliza kwa sauti, "Na huyo wa zilebia, mwanangu, mwishowe huwaje?"

"Hunyofolewa mikono, mama."

Wanawake ambao hawajawahi kupatana hata juu ya chumvi wakacheka pamoja mpaka pazia likaanguka, tukaonekana sote. Baba akatutazama sisi, akakutazama wewe. "Mchukue," akasema. "Wallahi mchukue, ukae naye mbali na hawa."

Ukanipeleka Likoni, chumba kimoja, vitabu mpaka kitandani. Miaka yote nilikugombeza kwamba unanibana.

Sasa watoto wananiambia nina bahati, nyumba ina nafasi. Siitaki nafasi, Baba Salma. Hata leo nalala ukingoni mwa kitanda, nimekupisha.

Pumzika salama, nami niko njiani inshallah.

Mkeo,
Mama Salma