Jiwe Lililopanda Lenyewe

Jumatatu, 4 Mei

Makomredi wenzangu katika mapambano! Ndivyo nilivyoanza leo, kama kila asubuhi, nikiuhutubia ukuta wa chumba changu hapa chuoni Njoro kabla ya chai. Ukuta haupigi makofi. Ni hadhira ngumu, na ndiyo maana naipenda.

Hotuba ya Jumatano ni kuhusu ufa. Ulitokea baada ya mvua kubwa za Aprili, chini ya mtaa wa Rhonda, nyuma ya ploti ya nyumba za kupanga anakoishi dada yangu Njeri na binti yake Shiro. Wenyeji wamefanya wanavyofanya siku zote: wameujaza udongo, mabua ya mahindi, takataka na kifusi, wakaukanyaga, wakaenda kulala. Asubuhi hapakuwa na kifusi wala mabua. Ardhi ilikuwa imemeza kila kitu na kuacha mdomo wazi. Wakajaza tena.

Serikali haiji. Mwenye ploti hapokei simu. Basi sisi, vuguvugu la wanafunzi ambalo mimi ni mwenyekiti wake, tutakuja, na tutakuja na jambo ambalo halijapata kuonekana. Nimelibuni mwenyewe na kuliita Sikio la Ardhi. Simu kuukuu ndani ya kopo, inazikwa kando ya ufa, inasikiliza chini na kunitumia sauti kila jioni. Nimetafuta kote mtandaoni. Hakuna aliyewahi kulifanya.

Hakuna! Nimeandika neno hilo kwa furaha ambayo karibu inanitia aibu.

Jumatano, 6 Mei

Kamukunji letu, mkutano wa wanafunzi wote, lilijaa. Nilinguruma.

Kisha Kibet, katibu wetu, akaomba kusema. Ni mtoto wa wakulima wa viazi kule Mau Narok, na chuo kizima humwita Fotokopi kwa sababu hajapata kuwa na wazo lake mwenyewe. Mabango yake ameyaiga kwingine, nyimbo zake vilevile. Akasema tupigilie vigingi pande mbili za ufa, tufunge kamba, tuone kama vigingi vinaachana. Basi. Kamba!

Nilimjibu kwamba mapinduzi hayawezi kuongozwa na mashine ya kunakili. Umati ukalipuka. Yeye akacheka kuliko wote.

"Chair, hata ugali tulikopi. Na bado wewe huongeza."

Wakamshangilia pia. Nilichukia.

Jumamosi, 9 Mei

Tumezika Masikio. Moja liko nyuma kabisa ya nyumba ya Njeri, mengine yako mbele zaidi kufuata ufa.

Mahali pale hapanipendezi. Asubuhi ya baridi, ukungu umelala juu ya mabati, na ufa unatoa hewa ya joto. Nilipoinama iligusa uso wangu kama pumzi ya mtu aliye karibu mno. Shiro alidondosha jiwe ndani, akainamisha kichwa kungoja mlio. Hakusikia kitu. Akaniangalia kana kwamba ni mimi niliyeuzuia.

Kuku wa ploti hawavuki tena. Wanatembea hadi ukingoni, wanasimama, wanarudi.

Njeri hana habari na kuku. Yuko vitani na jirani. Kamba yake ya nguo, iliyofungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo iliyo ng'ambo ya ufa, inakazwa kila siku na mtu asiyeonekana. Zamani shuka ziliburuta karibu na matope. Sasa kamba imenyooka kama waya wa gita.

"Ni huyu Mama Brayo," akaniambia. "Anataka nguo zangu zipae ndio zake zipate jua. Nitamkuta tu."

Mama Brayo akajibu akiwa ndani kwake, bila kutoka: "Na mimi nitashika kamba yako na mkono gani? Huu wa kufua ama huu wa kulea?"

Nilicheka. Nilikuwa na haraka ya kurudi Njoro kusikiliza.

Jumapili, 10 Mei

Sauti zimefika.

Mwanzoni ni kama mvua mbali. Halafu kitu kinaburutwa. Gunia zito, sakafu ya mawe. Linaburutwa, linapumzika, linaburutwa tena. Kama mtu asiye na haraka.

Niliwachezea wenzangu. Kibet peke yake ndiye aliyeuliza: "Sasa Chair, tukisikia hivi, Njeri anafanya nini?"

Nilisema tutachanganua. Neno zuri. Halina miguu.

Alhamisi, 14 Mei

Maonyesho ya ubunifu mjini. Nilizima taa za ukumbi na kuwasha ile sauti. Mwamuzi mmoja, mama mwenye miwani, alijishika shingo. Waliniita mbunifu asilia. Waliniita mwanzilishi. Niliyanywa maneno hayo kama maziwa.

Nilipotoka nilimpigia Njeri. Nilimwambia Masikio yamenyamaza tangu juzi, maana yake ardhi imetulia, alale bila wasiwasi.

Jioni hii ndipo nimejiuliza ni nani aliyepaswa kwenda kuchaji simu zile. Nimepitia mipango yetu yote. Tuna nembo. Tuna kaulimbiu. Mtu wa kuchaji hatuna.

Jumatatu, 18 Mei

Kamba ya nguo imekatika adhuhuri. Hakuna aliyeigusa. Njeri alikuwa jikoni akasikia mlio kama wa mjeledi, akatoka, akakuta nguo zimetapakaa na soksi moja ya Shiro ikining'inia mdomoni mwa ufa. Mama Brayo alikuwa ameshuka mjini tangu asubuhi. Vita vimekwisha, na Njeri angependa viendelee. Afadhali jirani.

Kibet alifika pale kabla yangu. Nilimkuta amesimama kati ya ukuta na nguzo, mikono kiunoni, ametabasamu kama aliyeona mpenzi.

"Chair, mashine ni hii. Mimi nakopi kamba ya nguo."

Ametengeneza hivi. Kigingi upande huu, kigingi upande ule. Kamba ya katani imefungwa kwenye kimoja, inavuka ufa, inapita juu ya kingine, na mwishoni mwake linaning'inia jiwe. Ufa ukipanuka, jiwe linapanda. Likifika juu linaisukuma kengele ya ng'ombe, nayo inaanguka na kulia. Kengele zimetoka zizini kwa babake; aliziagiza tangu siku ya kamukunji. Amefunga ploti nzima kabla ya saa kumi, akipiga mluzi.

Haraka mno, niliona. Sikusema.

Jumatano, 20 Mei

Mvua ilianza mchana. Kengele zikaanguka zote pamoja.

Watu walitoka na magodoro vichwani, watoto mgongoni, mzee mmoja amebeba redio na kiatu kimoja. Walisimama kwenye mvua wakiziangalia nyumba zao. Nyumba ziliwaangalia pia. Hakuna kilichotokea.

Katani ikilowa hujikaza na kufupika, hata ufa usipopanuka. Kila anayefunga mbuzi anajua hilo. Kibet anajua. Hakukumbuka, au alikumbuka akaona itatosha.

"Nyinyi watoto wa chuo, mnatutoa kwa nyumba juu ya hadithi ya kengele?"

"Enda ukafungie mbuzi wa mamako!"

Waling'oa vigingi. Watoto walizikimbiza kengele mtaani mpaka giza likaingia.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma. Dada yangu alikuwa amelowa hadi mifupani na mimi nilifurahi kwamba wazo la Fotokopi limeanguka kama langu.

Alhamisi, 21 Mei

Nilikwenda peke yangu kufukua Masikio. Yale ya mbele nilikuta makopo yamejaa maji, simu zimevimba, zimekufa.

La nyuma ya nyumba ya Njeri halipo. Mahali nilipolizika hapapo. Ukingo umesogea kuelekea ukutani na kushuka moja kwa moja gizani, laini, kama umekatwa kwa kisu.

Sijui kwa nini nilipiga namba ya lile Sikio. Simu ile haikuwa na chaji kwa zaidi ya wiki.

Iliita.

Nilisikia mwito sikioni mwangu, na nadhani, sitaapa, nadhani niliusikia pia mbali sana chini ya miguu yangu. Niliiacha iite. Halafu hofu ikanishika kwamba itapokelewa, nikakata.

Nimekaa kitandani. Nimehutubia maelfu, nikawaambia hatuogopi chochote. Naogopa. Naogopa sana. Na kuna ukweli mmoja unaonitazama usoni ambao hauna haja ya mashairi: nilikuwa na wazo jipya nikaliacha lilowe. Kibet alikuwa na wazo kuukuu akalifunga vibaya. Ardhi haikutuuliza nani alianza.

Jumamosi, 23 Mei

Nilimwendea Kibet chumbani kwake. Nilitarajia anicheke. Alikuwa amekaa sakafuni na waya magotini, plaisi, koleo la kukatia waya, mkononi.

"Nilijua utakuja," akasema. "Lakini nilidhani utakuja na hotuba."

Tumefanya kazi kutwa. Waya badala ya katani, kwa kuwa waya haujali mvua. Vigingi virefu kama mkono, tumevichimbia na kuvimwagia zege, mbali na ukingo, si mdomoni kama mara ya kwanza. Juu ya kila kigingi tumepigilia msumari uliopinda na kuupaka grisi ili waya uteleze bila kukwama. Nilipaka grisi hadi vidole vikawa vyeusi. Kibet alinirudisha kwenye kigingi kimoja mara tatu.

"Hiki bado kinakwaruza. Rudia, Chair."

Nilirudia. Ni ajabu jinsi kurudia kunavyoudhi na jinsi kunavyotuliza.

Kazi ngumu ilikuwa watu. Hawakutaka tena kengele. Nilijiandaa kuwahutubia, nikafungua kinywa, nikakifunga. Badala yake nilikwenda mlango hadi mlango nikiwa na chaki. Kila nyumba, jiwe lake na kengele yake juu. Kila mtu achore alama kwenye kigingi pale jiwe lilipo, asubuhi na jioni, kwa mkono wake mwenyewe. Wasituamini sisi. Waamini jiwe.

Mama Brayo alikubali kwanza. "Nikikosa usingizi, nitapata kitu cha kuangalia."

Jumanne, 26 Mei

Mawe yanapanda.

Mvua imekoma, jua ni kali, hakuna upepo. Hakuna mtu anayeyagusa. Ukitazama hutaona chochote. Ukienda kunywa chai na kurudi, alama ya chaki iko chini ya jiwe. Wenyeji wanakaa vibarazani wakiyatazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa. Wamepunguza sauti. Hata redio ya yule mzee inaongea polepole.

Jiwe la Njeri liko juu kuliko yote. Shiro ameacha kucheza nyuma ya nyumba. Amesema jiwe linataka kuona dirishani.

Nimemsihi dada yangu ahame leo. "Nihame niende wapi? Nilipe wapi? Chumba chako ni kitanda na vitabu," akasema. "Likigonga, nitatoka. Si ndio kazi yake?"

Ndiyo. Ndiyo kazi yake. Nimekwenda kuongeza grisi.

Alhamisi, 28 Mei

Kengele ya Njeri ililia mchana mweupe.

Moja tu. Hakuna upepo, hakuna wingu. Nilikuwa mlangoni mwa Mama Brayo. Njeri alitoka na Shiro kifuani na sufuria mkononi, kijiko bado kikiwa ndani. Nilidhani wengine watacheka. Wiki iliyopita walilowa bure. Lakini kila mmoja alikuwa amechora chaki yake asubuhi hiyo na kuona. Walitoka wote, bila kelele. Nani hajatoka? Mzee wa redio. Kibet akaingia akamtoa kwa mkono, mzee akimwita mwizi.

Halafu nyumba ya Njeri ikashuka. Nilitegemea kishindo. Ilikunjika tu, ukuta wa nyuma kwanza, taratibu, kama mtu anayepiga goti kanisani. Mabati yalilalamika kidogo. Nyumba ya Mama Brayo ikafuata nusu. Vumbi likapanda, likasimama, likakaa.

Hatukupoteza mtu. Tulihesabiana kwa majina, tukarudia, kisha tukarudia tena.

Kibet alikuwa mweupe kwa vumbi. "Kopi safi," akasema.

Njeri hakulia. Aliangalia sufuria. Akaanza kuwagawia watoto chakula kilichokuwemo.

Jumapili, 31 Mei

Njeri na Shiro wako chumbani kwangu. Mimi nalala chini. Shiro halali mpaka aguse sakafu kwa kiganja na kungoja kidogo. Hatumkatazi. Na mimi huigusa, wakishalala.

Yule mama wa maonyesho alinipigia. Wanataka Sikio la Ardhi liende Nairobi, pamoja na ile sauti. Nilimwambia halifanyi kazi. Akasema linaweza kuboreshwa, muhimu ni upya wake. Nilimshukuru. Nilimwambia wiki hii nina vigingi vya kuchimbia.

Ufa umegeuka. Leo asubuhi Kibet ameukuta ng'ambo ya barabara, mwembamba kama mstari wa penseli, ukielekea nyumba zilizo nyuma ya kanisa la mabati. Watu wa huko wameanza kuujaza mabua.

Kesho ni sikukuu ya Madaraka, hakuna masomo. Nimewaandikia makomredi wote: saa moja asubuhi, lango la kanisa, kila mtu aje na plaisi na nguo za kuchafuka. Hakutakuwa na hotuba.