Namba ya Gideoni Chini ya Ukurasa

Nyumba za Walimu,
Ihumwa, Dodoma.
14 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Emilia,

Shikamoo. Habari za Windhoek na baridi ya huko? Mgongo umekuachia kidogo? Sisi tunasukuma siku. Upepo umeanza, vumbi mpaka kwenye kopo la chumvi, na mama yenu anasema uwele mwaka huu si haba. Yeye anakula vizuri. Mimi sili sana, usinigombeze.

Najua hukuweza kufika Februari kumzika mdogo wako, mume wangu Gideoni, na hakuna anayekulaumu. Siku ya kumaliza matanga wazee waligawa vitu vyake. Koti akapewa Joshua, mdogo wenu. Simu waliniachia mimi, kwa sababu namba yake shule ilikuwa bado inaitumia. Hiyo simu ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Darasa lake la kompyuta nimepewa mimi, mwalimu wa hisabati, maana nilimsikia akifundisha hata mezani. Unaujua ubishi wake. Mwanafunzi hagusi kompyuta kabla ya kuuchora ukurasa wa tovuti chini, uwanjani, kwa majivu ya jikoni: hapa jina, hapa picha, hapa maelezo. Ukikosea unafagia, unaanza upya. Walimu wenzake walimtania kwamba anapiga ramli. Alicheka tu, akaendelea kuchora.

Swali lake la kwanza halikubadilika: nani atakuja kwenye ukurasa huu, na anatafuta nini? Kidato cha tatu, waliokuwa wakipanga ukurasa wa shule, walijibu kwamba atakuja mzazi wa mbali anayemtafutia mtoto nafasi, naye atataka mtu wa kumpigia. Basi wakachora kisanduku kikubwa chini kabisa, wakaweka namba ya Gideoni. Wiki iliyofuata akafariki. Walipofika kwenye kompyuta, Sikudhani, binti wa Kondoa anayeongoza kundi lao, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, namba ya Sir tuiache?" Nikasema iacheni.

Ukurasa ulipoingia mtandaoni, watu wakaanza kupiga. "Naongea na Mwalimu Gideoni?" Wifi, kila ikilia moyo uliruka, kisha nilijikaza nikaeleza habari za sare na nafasi za bweni. Baba mmoja mfugaji wa Chemba nilimwambia ukweli, akaanza kulia, na hata hatujuani. Lakini nilipenda kuulizwa habari zake. Niliona kama yuko darasani, na mimi nampokelea tu.

Alhamisi ya wiki iliyopita tulikuwa tunaukagua ukurasa ule darasani. Petro, kijana mpole kabisa, akanyoosha mkono. "Madam, mzazi anayempigia mtu ambaye hayupo, sisi tumemsaidia nini?" Hakuwa na ubaya. Ni Gideoni aliyemfundisha kuuliza hivyo. Nilitoka nje nikalia, nikarudi, nikawaambia tuweke namba ya ofisi. Ile ya zamani niliifuta mimi mwenyewe.

Tangu hapo simu haijalia. Naichaji kila jioni kama mjinga. Jana niliipigia kwa simu yangu, ikaimba mezani ule wimbo wa kwaya aliyokuwa akiimba Gideoni, nikashindwa kukata. Nimempoteza mara ya pili, wifi, na safari hii kwa kidole changu. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Msalimie Baba Restuta na watoto wote. Mama anakusalimu sana, Joshua pia, na Generosa jirani yetu ambaye hajaacha kuniletea mlenda. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mtamu kuliko wangu.

Namba yake unayo, najua hujaifuta. Ukipata nafasi, ipigie. Hata kama huna la kusema, iache ilie. Nitapokea.

Mimi wifi yako nikupendaye kwa moyo wangu na kwa ule wa mdogo wako,
Dorkasi