Kwa Nini Mlezi wa Kwenye Simu Alifunga Geti?

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla wateja hawajaanza kusema nimerukwa na akili. Mimi ni fundi wa miwani, nasaga lenzi, na nimemlea binti wa marehemu kaka yangu tangu akiwa na miaka sita, sasa ana ishirini na minane, na nyumbani tupo wawili tu, yeye na mimi baba yake mdogo. Mwezi uliopita aliniwekea gemu la mapenzi kwenye simu, akasema, "Baba mdogo, lichezee ukikosa wateja," nami nikalidharau, lakini mshauri, lile gemu ni tamu, acha tu! Kuna nyumba kando ya ziwa, ukungu hauondoki, mvua inanyesha polepole na muziki wake unakusahaulisha hata kiti ulichokalia, na humo yumo msichana yatima na mlezi wake, mzee wa koti la kijivu, ambaye kila akija kijana kumposa msichana, mlezi anamwambia msichana amelala, kisha anafunga geti. Wewe mchezaji ndiye unayemchagulia msichana la kusema. Mimi kila mara nilimchagulia utii, na mlezi akifurahi vinatokea vimoyo vyekundu, vinapanda juu ya ziwa taratibu, nami naacha lenzi ya mteja mashineni nikivitazama mpaka vipotee. Nikafika mwisho: msichana ana mvi, amekaa dirishani, mlezi anammiminia chai, mvua inaendelea. Nililia kwa furaha, nikamwonyesha binti yangu kwamba nimeshinda.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba mdogo, huo ndio mwisho mbaya kuliko yote!" Kisha akanirudishia simu, akasema, "Huyu mzee simchukii. Natamani tu aseme anaogopa nini." Akaenda zake kufua.

Tangu siku hiyo sina raha, kwa sababu, sikufichi, yupo muuguzi mmoja, kijana mpole, amehamishiwa mji wa mbali na anataka kumuoa binti yangu aende naye, na alishakuja dukani mara mbili kuomba baraka yangu, mara ya kwanza nikasema nitafikiri, mara ya pili nikamwambia binti anaumwa, na hakuwa anaumwa. Kijana anaondoka mwisho wa mwezi. Niambie, mshauri, yule mlezi anampenda yule msichana au ni mtu mbaya?

Ni mimi, Baba Mdogo.

*

Baba Mdogo,

Pole sana. Na uone aibu kidogo pia, haitakuua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza ukungu, koti na vimoyo, nusura nisinzie humo humo ziwani. Lakini binti mwenyewe anasemaje kuhusu muuguzi? Hakuna hata neno moja. Hukumuuliza! Mtu mzima umemgeuza mgonjwa asiye na homa, halafu unaniletea kesi ya mzee wa kwenye simu.

Umeuliza, nami nakujibu. Yule mlezi anampenda sana. Angekuwa mbaya, angeshachoka naye zamani. Ila anaogopa siku atakayoamka nyumba iko kimya, na hofu hiyo ameiita ulinzi mpaka mwenyewe akaamini.

Sasa fanya hivi. Leo funga duka mapema. Mketishe binti, mwambie ule uongo kwa mdomo wako mwenyewe, kabla hajausikia kwa muuguzi. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee. Kisha muulize anataka nini, na unyamaze mpaka amalize. Akisema anamtaka, mpigie kijana simu hapo hapo, umwombe radhi na umpe baraka yako bila masharti, na usianze hadithi za umbali na baridi. Akisema hamtaki, hilo nalo ni lake, si ushindi wako.

Na machozi yakikulenga, usijifanye una mafua. Mwambie, "Mwanangu, ukiondoka nitakukumbuka mno." Yule mzee angeweza kuyasema maneno hayo tu, asingehitaji geti.