Jina la Ndaya Ubaoni

Manika, Kolwezi
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa yaya Ngeleka, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Kitwe? Na kifua chako kinachokusumbua kila baridi ikianza, kimetulia? Sisi ni wazima, namshukuru Mungu. Mvua tu haitaki kuacha. Viatu vyangu vya ibada nimevikausha kwenye mbabula ya makaa, na kimoja kimejikunja hadi hakinifai tena.

Utacheka: mimi na dada yetu Ndaya tunasoma Kiingereza jioni, kwenye ukumbi wa parokia. Ndaya anatafuta kazi ya upishi katika kambi ya wachimbaji wa kigeni, na huko bila Kiingereza hawakusikilizi. Mwalimu wetu, Blanchard, ni kijana mgeni aliyetoka Lubudi. Anaongea haraka mno lakini ana moyo mzuri.

Wiki iliyopita tulifundishwa kusema kitu ni cha nani. Sisi tunasema baiskeli ya Stany, mwenzetu wa darasani. Waingereza wanamtanguliza Stany, wanamtundikia kialama juu na herufi s, kisha ndipo baiskeli: Stany's bicycle. Wenyewe wakiwa wengi na s iko tayari, kialama peke yake kinatosha. Wewe unayasikia hayo kila siku huko Zambia, usinicheke.

Tata Tshiamala, mzee tunayesoma naye, alisimama kwa maringo: "Tshiamala's wife!" Mke wake, aliyekaa pembeni yake, akamgeukia: "Kumbe mi na kinga ya Stany, baiskeli yake ile, tuko sawa?" Tulicheka hadi machozi.

Zamu ya Ndaya ilipofika, Blanchard aliandika ubaoni: Gloire's mother, yaani mama Gloire. Hakukosea, ndivyo anavyosikia watu wakimwita. Unajua kwetu mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linabaki kwenye karatasi za serikali, naye huitwa mama wa mwanawe wa kwanza. Lakini tangu Kazadi wetu afe kwa homa ya matumbo, mtaa mzima umeacha kumwita Ndaya kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Wote wamehamia kwa Gloire, mdogo wake Kazadi, wakidhani wanamwepushia machungu. Nawe pia, yaya, kwenye simu.

Ndaya alikwenda mbele, akachukua chaki, akaandika juu ya maneno ya mwalimu: Kazadi's mother.

Blanchard akafurahi. "Kazadi njo mukubwa? Anasoma wapi?"

Darasa lote tukatazama chini.

"Alikufaka," Ndaya akamjibu. "Lakini mi njo mama yake."

Maskini kijana wa watu! Akamwomba radhi, naye Ndaya akarudi kukaa, ametulia kuliko sisi sote.

Njiani nilimshika mkono, roho ikiniuma. Akaniambia: "Batu banazani bananisaidia. Kumbe bananinyanganya mutoto mara ya pili." Kila ukimaliza kuzungumza naye kwenye simu, yaya, huwa anatoka kwenda kukaa peke yake nyuma ya jikoni. Mimi nilidhani ni hamu ya kukuona.

Najua unampenda sana, na jina hilo umelikwepa kwa huruma. Lakini wewe ndiye mkubwa wetu. Ukilirudisha wewe, mama zetu wadogo na majirani hawatakuwa na woga tena. Nakuomba, Jumapili ukipiga simu, litamke wazi, hata sauti ikikutetemeka. Akilia, usikate simu. Mwache alie, mngoje.

Nisalimie wifi Abigaëlle, na umbusu Kisimba kwa niaba ya shangazi yake. Mungu akulinde kazini na akutunzie nyumba yako. Gloire anakusalimu. Mama Kazadi anakusalimu sana.

Mdogo wako anayekupenda,

Jocelyne