Nililala Ndani ya Wavu wa Omena

Mpwa wangu Akinyi,

Huku Nyamasaria tuko wazima. Mama yako anamwonyesha kila mgeni picha yako ukiwa na baiskeli ya gia, mpaka mimi, mjomba wako, nakunywa chai bila kuulizwa kitu.

Unauliza, nilipoendesha baiskeli peke yangu hadi Asembo, nililala wapi. Sikuwa na hema kama lako. Ufuoni nilimwomba mama mmoja wavu wake wa kuanikia omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Akasema, "Chukua, baba, lakini utanuka." Nikajifunika mpaka shingoni. Asubuhi nikirudi nyumbani, haki ya Mungu, ndege wote weupe wa ziwa walinifuata barabarani. Pale Otonglo watu wakaniuliza, "Kijana, hao unawapeleka soko gani?"

Tangu hapo, mtu wa baiskeli kwa ukoo huu ni mimi. Sasa wewe unataka kuzunguka ziwa na hilo hema, na wivu unanikaba, sikufichi. Lakini ukiwa na hema huombi mtu kitu, kwa hivyo hakuna atakayekukumbuka. Ukifika Asembo, liache limekunjwa, uombe wavu. Wakicheka na kuuliza nani alikufundisha, taja jina langu polepole, wasikie vizuri.

Mjomba wako,
Odhiambo