Kisima Kimewekwa Geti

Na sasa Mama Chebet, ile simu ilizima kabla nimalize: kisima wamefunga! Huku kwa msichana wangu mwalimu watu ni wachache, nyumba moja hapa, ingine kule karibu na bahari. Hawa Waboni, wenyeji wa hapa, wanakunywa hayo maji tangu nyanya zao. Sasa tajiri mmoja wa hoteli ameweka fensi. Mimi na majani yangu ya chai niliyobeba kutoka kwetu Kimulot, nipikie watu chai na maji ya chumvi?

Leo nimeenda na jirani, Mama Khadija. Askari wa geti kufungua mdomo, kumbe ni kijana wetu wa huko nyumbani, Sigowet!

"Chamgei, mama," ananisalimia kwa lugha yetu akichekacheka.

"Chamgei gani? Nyanya zetu waliomba ruhusa kwa geti ya mzungu wa majani chai, aliyechukua shamba letu, ndio waone makaburi ya mama zao. Na wewe unafungia nani?"

Akaangalia chini. "Mama, ni kazi tu."

"Basi mimi naketi hapa!"

Ndio naandika nikiwa nimekalia mtungi hapa getini, siendi. Nimewamiss sana, mkunywe maziwa ya mursik kwa niaba yangu, na ule ng'ombe wangu… ngoja, Mama Khadija anapiga kelele: "Leta mtungi, kijana wenu amefungua geti!"